Mkwe Kwenye Kioo

Mimi ni Mbula, na kabla hujasikia kwa watu wa soko la Katangi, wacha nikuambie mwenyewe. Ndiyo, ni mimi niliyempigia mkwe wangu simu ya video nikiwa nimepaka mafuta uso mzima, nywele zimesimama kila upande. Waliokuambia hawakusema uongo. Lakini watu wa hapa wakishapata cha kucheka hawangoji mwisho wa habari, na mwisho ndio wenye utamu. Kwa hivyo vuta kiti, chai iko, nikueleze yote.

Simu yenyewe nililetewa na binti yangu Mwelu. Alikuja nayo Krismasi ndani ya sanduku lake, akaniambia, "Mama, ile kabambe yako ya vibonye sasa iweke kabatini." Nikakataa. Kabambe yangu nilikuwa naijua kwa kidole tu, hata nikiwa gizani, na chaji yake inakaa mpaka naisahau. Hii mpya ilikuwa bapa, inateleza, haina hata kibonye kimoja cha maana. Nikitaka kumpigia mwenyekiti wa akina mama wa kanisa, inanifungulia mtu nisiyemjua akikaanga samaki. Nikitaka kuizima, inapiga picha miguu yangu. Kufikia Januari nilikuwa na picha nyingi za miguu yangu kuliko za wajukuu.

Mume wangu Musili alikuwa anaketi mlangoni akinicheka mpaka anakohoa. "Mama Mwelu," akaniambia, "leo umepatikana. Umeshindwa na kioo."

Mimi nishindwe? Wee! Mtu akitaka nifanye kitu aniambie tu siwezi. Nilichukua hiyo simu nikaenda kwa jirani yangu Peris, ambaye tunasuka naye vyondo, vile vikapu vyetu vya mkonge, na ambaye alikuwa ametangulia kununuliwa yake na mwanawe. Tukafunga mlango. Tukabonyeza kila kitu. Ikilia tunapiga nduru, ikinyamaza tunabonyeza tena. Peris aliwahi kuita polisi bila kujua, akawaambia, "Hapana, hapana, hapa tuko salama, tunajifunza tu," na wale vijana wa polisi wakacheka wakamtakia masomo mema.

Na tukajifunza, nakuambia! Musili ana presha, na karatasi ya dawa zake imeandikwa kwa herufi ndogo kama sisimizi. Siku moja nikaipiga picha, nikaipanua kwa vidole viwili, nikapanua tena, neno moja likajaa kioo kizima. Nikasoma. Kumbe ile tembe nyeupe aliyokuwa anameza asubuhi ilitakiwa imezwe jioni! Ndiyo maana alikuwa anasinzia mpaka kwenye mahubiri, na mimi nilikuwa namlaumu ni uvivu. Siku hiyo hakunicheka. Aliuliza tu, kwa sauti ya chini, kama hiyo simu inaweza kusoma pia karatasi ya dawa ya mbuzi.

Kisha nikagundua si lazima mtu aandike. Unabonyeza pale penye kipaza sauti, unaongea, unaachilia, maneno yanaenda yenyewe. Kikundi chetu cha kusuka kikapata uhai. Zamani nikitaka kuwaambia wenzangu kwamba mteja wa Machakos mjini anataka vyondo vyenye mistari myekundu, ilinibidi ningoje Jumapili, na Jumapili nusu hawaji. Sasa nasema mara moja nikiwa natwanga, na kabla sijamaliza kutwanga mmoja ananijibu huku jogoo wake anawika nyuma. Nikaanza hata kuiuliza habari za mvua. Ikasema Alhamisi. Jumatano nikaanua ndengu zangu zote uani. Musili akauliza, "Anga nyeupe hivi, unaanua nini?" Alhamisi mvua ikaja, ndengu za watu zikalowa, zangu ziko ndani zinanitazama. Nilitembea kijijini siku hiyo kama mtu aliyeshinda uchaguzi.

Sasa nikueleze kuhusu Justus, kwa maana usipoelewa hapa hutaelewa kitu.

Justus ni mume wa Mwelu. Ni daktari wa mifugo, anafanya kazi kwenye ranchi kule Lukenya. Ni mtu mzuri, sina neno. Lakini ni mkwe, na sisi Wakamba tuliolelewa tuko na kitu kinaitwa nthoni. Mama mkwe na mume wa binti yake hawatazamani usoni. Hawapeani mkono. Nikimwona anakuja kwenye kijia chembamba, mimi naingia kando kwenye majani, naye anaangalia upande wa pili mpaka nipite. Akitutembelea, anapokewa na Musili sebuleni, mimi nabaki jikoni. Na jina lake silitaji. Namwita Baba Ndunge, kwa jina la mjukuu wangu. Ukishangaa mbona leo nalitaja bila kupepesa, ngoja, tunafika.

Usidhani tulikuwa tumekosana. Hiyo ni heshima, na heshima si utumwa. Siku hizi naona wakwe wakikumbatiana na mama zao wakwe harusini mchana kweupe, tena wanacheza dansi. Shauri yao. Mimi mama yangu alinifundisha nthoni, na kwa zaidi ya miaka kumi mimi na huyo kijana hatukuwahi kutazamana hata mara moja. Nilimjua kwa viatu. Viatu vyake nilivijua vizuri sana.

Basi Mwelu akafungua kundi la familia kwenye simu, akatuweka sote humo ndani. Jioni moja nilikuwa nimetoka kuoga, nimejipaka mafuta, nasubiri kusukwa nywele, Peris ameshika kitana. Nikataka kuwaonyesha watoto kyondo nilichokuwa nimemaliza. Nikaona kamera ndogo pale juu, nikasema ndiyo hii ya kupigia picha, nikabonyeza. Simu ikaanza kulia. Nikainyanyua nione inataka nini. Na huyo mkwe wangu, kichwa kizima, amejaa kioo!

Nilipiga nduru iliyofika sokoni. Nikaitupa simu ndani ya gunia la ndengu, nikajirusha nyuma ya kabati. Na kule ndani ya gunia ikawa inatoka sauti ya Justus, maskini, "Samahani Mama! Samahani sana! Sijaona kitu, Mama!" Alikuwa anaomba msamaha kwa ndengu. Peris alikuwa amelala sakafuni, machozi yanamtoka kwa kicheko, na kesho yake soko lote lilikuwa na habari. Justus akamtuma Mwelu na leso na sukari kuniondolea aibu, mimi nikapokea, yakaisha. Lakini nikaapa sitagusa tena pale penye kamera ndogo.

Hapo ndipo anaingia Katune.

Katune ni ng'ombe wangu wa gredi. Ni mwekundu, na ndiyo maana ya jina lake kwetu. Mama yake alikufa ule mwaka wa ukame mbaya, akaniachia ndama asiyeweza hata kusimama. Musili akasema huyo hamalizi wiki. Mimi nikamlaza jikoni kando ya meko, nikamnywesha maziwa ya kuomba kwa chupa ya soda, nikamsugua kwa gunia kila asubuhi. Alikuwa ananifuata mpaka kisimani. Nikienda kanisani analia mpaka nirudi. Sasa alikuwa amekua, ana mimba yake ya kwanza, na nakuambia kweli, wakati wa wajukuu wangu sikungoja kwa roho juu hivi.

Siku yenyewe ilikuwa mchana wa jua kali. Tangu asubuhi Katune alikuwa analala, anainuka, anazunguka, analala tena. Chupa ya maji ikapasuka. Nikasema haya, sasa hivi. Tukangoja. Ikatoka pua ya ndama, na ukwato mmoja. Mmoja. Nikainama nikaangalia vizuri. Nimeona ng'ombe wengi wakizaa, na najua ndama huja na miguu yote miwili ya mbele, kichwa kimelala juu yake. Huyu alikuja na mmoja.

"Baba Mwelu, mguu mwingine uko wapi?" nikamwita Musili.

"Utakuja," akasema.

"Utakuja kwa basi? Njoo uone!"

Akaja, akaona. Tukampigia daktari wa mifugo wa hapa, yuko mazishini ng'ambo ya Kitui, atarudi jioni. Tukampigia yule mwingine wa barabarani, simu imezimwa. Peris alikuwa ameenda Machakos mjini na vyondo. Katune akasukuma, akaguna, hakuna kilichosonga. Akanigeuzia kichwa akaniangalia kama alivyokuwa akiniangalia akiwa mdogo, anataka chupa. Nilitaka kulia.

Musili akakuna kichwa. "Mama Mwelu, hata mimi sipendi kusema. Lakini tuko na daktari kwenye familia."

Nilijua anamaanisha nani. Musili akampigia Justus kwa kabambe yake, akamweleza. Nikasikia sauti ikisema, "Baba, nikitoka Lukenya sasa hivi nitamkuta amekufa. Tena siwezi kusema kitu bila kuona. Nipigieni video. Na atafutwe mtu mwenye mkono mwembamba, lazima mkono uingie."

Musili akaangalia mikono yake. Amechonga mawe kule Mlolongo ujana wake wote, vidole vyake ni vinene na havikunjiki vizuri. Akaangalia yangu. Hakukuwa na haja ya kusema.

"Basi mimi naingiza mkono," nikasema, "na wewe unashika simu."

"Mimi? Hiyo mashine?"

"Wewe! Kwani kuna Musili mwingine hapa?"

Nikanawa mikono mpaka juu ya kiwiko kwa sabuni ya kipande, nikajipaka mafuta ya kupikia kama Justus alivyoagiza. Huku nanawa, huku namfundisha mzee. "Bonyeza penye kamera ndogo. Hapana, hiyo ni tochi. Zima tochi! Sasa unapiga picha ng'ombe, nani amekuambia upige picha?" Jasho lilikuwa linamtoka kuliko Katune. Mwishowe ikalia, na Justus akashika.

"Baba, naona pua yako tu."

"Hata mimi naona yako, Daktari. Habari za kazi?"

"Baba, hakuna wakati wa habari! Geuza kamera!"

"Penye mishale inayozunguka!" nikapiga kelele kutoka nyuma ya ng'ombe. Musili akabonyeza, na bahati njema ikageuka.

Nilikuwa nimeshapiga magoti, mkono wangu wa kulia umeingia. Ndani kuna joto, kunabana, na kila Katune akisukuma nahisi mkono utavunjika. Lakini mimi na mkwe hatuongei ana kwa ana, si ndiyo? Basi sikia tulivyofanya.

"Mwambie Baba Ndunge mkono umeingia," nikamwambia Musili.

"Mkono umeingia," Musili akaiambia simu.

"Muulize Mama anagusa nini," simu ikasema.

"Anauliza unagusa nini."

"Mwambie nimepata kichwa, halafu shingo, halafu kitu kama goti, limekunjwa kurudi nyuma."

"Amepata shingo ya goti," akasema Musili.

"Siyo shingo ya goti, we mzee!"

Na Justus alikuwa ananisikia wazi kabisa, na mimi namsikia, sote tuko hapo, lakini maneno lazima yapitie kwa Musili, na Musili anayavuruga. Akasema sukuma kulia, kumbe Justus amesema sukuma nyuma. Akasahau moja, akaongeza lake. Katune akainamisha kichwa mpaka chini. Nikasema, "Mwambie aangalie vizuri, aone vile mkono wangu umelala, aniambie kama ni sawa."

Musili akachungulia kioo. Akakunja uso. "Daktari, mbona naona sikio peke yake? Unaangalia wapi?"

"Ukutani, Baba."

"Ukutani kuna nini?"

"Hakuna kitu, Baba. Ni vile Mama yuko hapo mbele ya kamera."

Ebu fikiria! Mimi nimelala kwenye matope, mkono uko ndani ya ng'ombe, na daktari wetu wa kutuokoa anatazama rangi ya ukuta kwa sababu ana adabu! Na huwezi kumlaumu. Alilelewa vizuri. Ningemwona ananikodolea macho siku nyingine yoyote, mimi mwenyewe ningemsema kwa mama yake.

"Nifunike kichwa," nikamwambia Musili. Akavuta leso kiunoni mwangu, akanitupia kichwani, uso wote ukafichika. Sasa Justus akageuka, akaanza, "Sawa, naona, mwambie Mama ashushe kiwiko..." na kabla hajamaliza Katune akapiga mkia, leso ikaruka ikatua kwenye mavi, uso wangu huo nje. Kwenye simu, sikio tena.

Katune akalala ubavu mzima. Akaacha kusukuma. Akatoa sauti ndogo, ambayo ng'ombe hatoi, na jicho lake likaanza kugeuka jeupe. Nilimwita, "Katune, Katune wangu, amka," hakuamka. Nikaona wazi kwamba nikiendelea kuwa mama mkwe mzuri, jioni tutachimba shimo.

Nikainua kichwa. Nikaangalia kile kioo moja kwa moja, macho wazi.

"Justus!"

Musili karibu aangushe simu. Hata kuku walinyamaza, naapa.

"Justus mwana wa Muindi, geuka! Nitazame! Mimi ndiye ninayekuambia. Angalia mkono wangu, angalia uso wangu, angalia kila kitu, na uniambie nifanye nini, kwa sababu huyu ng'ombe anakufa!"

Sikio likakaa kidogo. Halafu likasogea. Likaja shavu, likaja jicho moja, yakaja macho mawili, na mkwe wangu akanitazama.

"Sawa, Mama," akasema. Sauti ilikuwa imebadilika, sasa ilikuwa ya daktari. "Usikimbie. Ng'ombe akipumzika, wewe sukuma paji la uso la ndama, umrudishe ndani. Anakuzuia, hana nafasi. Polepole. Ng'ombe akisukuma, wewe tulia."

Nikasukuma. "Anarudi! Anarudi, Justus!"

"Vizuri. Sasa fuata shingo mpaka begani. Shuka na mguu. Umepata goti?"

"Nimepata."

"Lisukume goti juu, halafu teremka utafute ukwato. Ukiupata uufunike na kiganja chote, usije ukamchana ng'ombe tumbo. Hapo hapo, usivute bado. Umeufunika?"

Nilikuwa nimeweka shavu kwenye paja la Katune, naona nyota, mkono umekufa ganzi. Nikatafuta. Nikapata kitu laini, chenye ncha mbili. "Nimeufunika!"

"Ulete mbele. Uzungushe kama unatoa kikombe kwenye sufuria nyembamba. Ulete kwangu, Mama, ulete!"

Nikauleta. Nakuambia niliuhisi ukija, ukikunjuka, na ghafla ukateleza ukatokea nje kando ya mwenzake. Kwato mbili! Nilipiga vigelegele nikiwa bado kwenye matope. Musili naye akapiga yake, mwanamume mzima, simu inacheza hewani, Justus analia, "Baba, nashikwa na kizunguzungu, weka simu chini!"

Tukaisimamisha juu ya debe, imeegemea ukuta wa zizi. Justus akatuambia tufunge kamba juu ya vifundo, mimi mguu mmoja na Musili mmoja. Katune sijui alipata wapi nguvu, labda aliposikia vigelegele, akasukuma. "Sasa!" Justus akapaza sauti. "Vuteni! Msivute juu, vuteni chini kuelekea kwenye kwato zake! Pumzikeni. Tena! Baba, chini! Mama, wewe uko sawa, endelea!" Kilitoka kichwa, yakatoka mabega, na yaliyobaki yakamwagika yote mara moja, tukaanguka mimi na mzee wangu chali, ndama katikati yetu.

Na ndama hakupumua.

"Mama, usikae! Toa ute puani na mdomoni kwa vidole. Chukua jani kavu, mtekenye ndani ya pua. Baba, msugue mbavu na gunia, kwa nguvu. Kwa nguvu, Baba, si mtoto wa kubembelezwa! Maji baridi, mwagieni masikioni!" Nikatekenya. Musili akasugua. Nikamwaga maji. Hakuna kitu. Nikatekenya tena, nikamwita Yesu, nikamwita mama yangu, nikamtukana ndama kidogo.

Akapiga chafya.

Woi! Hiyo chafya! Sijawahi kusikia muziki mzuri hivyo. Akapiga nyingine, akatikisa kichwa, akafungua macho. Katune akageuka, akajikokota, akaanza kumlamba na ulimi mrefu. Nikamkumbatia Musili, nikamkumbatia Katune shingoni, nikakosa mwingine wa kukumbatia, nikaliendea debe nikachukua simu kwa mikono yangu michafu.

"Justus! Amepumua! Umeona?"

"Nimeona, Mama. Ni dume au jike?"

Nikainua mguu. "Jike!"

Akacheka, na mimi nikawa nimeshika uso wake hapa karibu, hakuna pa kwenda. Basi nikamwangalia. Kwa mara ya kwanza nikamwangalia mkwe wangu taratibu. Kumbe ana mwanya. Kumbe mvi zimeanza pembeni, kijana wa watu, na mimi bado namwita kijana. Kumbe macho yake akicheka yanafungika kabisa, na ndivyo Ndunge anavyocheka. Miaka yote hiyo nimekuwa nikiwaambia watu kwamba mjukuu wangu amechukua kicheko cha ukoo wetu, cha shangazi yangu wa Masinga.

"Musili! Njoo uone! Ndunge amefanana na huyu!"

"Kila mtu anajua," akasema Musili, anajifuta jasho na kofia. "Ni wewe tu ulikuwa hujui."

Justus akajikumbuka, akainamisha uso. "Mama, leo nimekukosea heshima. Mila inasema nilete mbuzi. Nitaleta Jumamosi, nimlete mwenyewe."

"Mbuzi wa nini?" nikamwambia. "Nani alimtazama mwenzake kwanza? Nani alilitaja jina? Ni mimi niliyeivunja nthoni, na anayevunja ndiye anayelipa. Huyu ndama ni wako."

Musili akageuka akaniangalia. Alijua nilivyokuwa nimemngoja huyo ndama. Hata mimi nilijisikia nikisema, na nikaona sitaki kurudisha neno.

"Mama, hapana," Justus akasema. "Huyo ni wa Katune. Huyo ni wako."

"Justus, usibishane na mimi, mikono inaniuma. Akiachishwa maziwa, utakuja umchukue. Na ukija usipitie kwa Musili. Pitia kwangu."

Machozi yakamjaa Justus, yakateremka mpaka kidevuni. Nikangoja ageukie ukuta. Hakugeuka. Alibaki ananitazama hivyo hivyo, na mimi namtazama, sote wawili tunalia na kucheka, mpaka bando ikaisha.